Mkono Uliojifunza Kinyume

Asubuhi ya siku ile Nakiete alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, anasugua rimoti yake ya kurushia ndege za mfano kwa mswaki mkuukuu. Wakati wa mavuno vumbi la tangawizi huingia kila mahali, mpaka kwenye vijiti vya rimoti, na kijiti chenye vumbi hukwaruza kidoleni kama kiatu chenye mchanga. Alisugua, akapuliza, akasugua tena. Alipofika nyuma ya rimoti, penye swichi ndogo nyeusi, alizungusha mswaki polepole asije akaisogeza. Swichi ile alikuwa ameishusha chini mwaka jana, na tangu hapo hakuigusa tena.

Nyumba ilikuwa kimya. Mama yake alikuwa ameshuka zahanati tangu jana kumsindikiza dada Mkunde, aliyeshikwa na uchungu wa uzazi wake wa kwanza. Alfajiri mama alipiga simu mara moja tu. "Bado," alisema. "Wewe pika makande, utuletee. Huku chai yenyewe ni ya kuonja."

Basi Nakiete akapika, akafunga sufuria kwa kanga, akaning'iniza rimoti shingoni kama kawaida yake, akashuka.

Njia ya zahanati inapita katikati ya soko. Nakiete hakupenda kupita sokoni siku hizi. Si kwamba walimfanyia ubaya. Walimpenda mno, na yeye alikuwa msichana wa kutazama vidole vya miguu yake watu wanapomtazama.

"Rubani! Rubani wetu!" Mama Sifuni alimwita kutoka nyuma ya magunia yake ya tangawizi. "Leo umeniletea nini, panadol au mchumba?"

"Shikamoo, Mama Sifuni."

"Marahaba. Jibu swali."

"Mchumba ni mzito. Ndege haimbebi."

"Basi mkate vipande viwili, safari mbili!" Soko zima likacheka. Nakiete akacheka pia, ndani ya kola ya shati.

Ukweli ni kwamba Nakiete hakurusha ndege yoyote. Ndege za dawa za milimani hazina rubani. Zinatoka kituoni kule bondeni, mabawa yake mapana kama mlango wa ghala, tumboni zimebeba chanjo, dawa ya nyoka, damu. Zinajipeleka kwa hesabu za kompyuta. Lakini Upareni kuna upepo usiojua hesabu. Unapanda kutoka nyikani mchana, unagonga mwamba, unajikunja, unarudi kwa mlango wa nyuma. Hesabu zinaposhindwa, ndege inaita mkono.

Mkono ni tabia ya vidole vya mtu. Mtu anakaa mbele ya kompyuta na rimoti yake, anacheza Kipanga, ule mchezo wa kurusha ndege za mfano, na Kipanga anamsoma: bawa likianguka anafanya nini, pua ikinyanyuka anafanya nini, anashtuka upesi kiasi gani. Akicheza vya kutosha, tabia yake inanaswa yote, inawekwa kwenye ndege za kweli. Kila mwaka kituo kinashindanisha watoto wa milima yote na kuchukua mkono mmoja tu. Mwaka huu ulichukuliwa wa Nakiete, msichana ambaye darasani hata kuomba ruhusa ya kwenda nje anaona aibu. Tangu siku hiyo hakuwa tena Nakiete. Akawa rubani, ingawa mkono wenyewe uliwekwa kwenye ndege jana usiku tu.

Alikuwa amefika kwenye kibanda cha mwisho aliposikia mvumo juu. Akainua macho, kama kila mtu.

Ndege ya dawa ilikuwa inakata juu ya soko kuelekea bonde la pili. Upepo ulikuwa umewahi siku hiyo. Mikaratusi ya ukingoni ikainama ghafla yote pamoja, na ndege ikapigwa ubavuni. Bawa la kushoto likaanguka.

Halafu ndege ikatikisa mabawa. Tiki-tiki. Mara mbili, kidogo sana.

Nakiete akahisi vidole gumba vyake vinaruka vyenyewe. Alikuwa na mazoea hayo tangu mwanzo: kabla ya kunyoosha ndege, lazima akichokoze kijiti mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Mwalimu Kajiru, aliyemfundisha kompyuta shuleni, alimkataza hadi akachoka. Hakuna mwingine duniani aliyefanya hivyo. Ule uliokuwa angani ulikuwa mkono wake. Ilikuwa kama kujiona kwenye kioo kilichotundikwa mawinguni, na kwa punje ya muda akafurahi.

Sasa inua, akaiambia moyoni. Bawa la kushoto limeanguka, lalia kulia.

Ndege ikalalia kushoto.

"Siyo huko!" alipiga kelele, yeye asiyepiga kelele.

Ikazidi kulalia kushoto, ikasimama kwa ubavu, ikageuka chali, tumbo jeupe likatazama jua. Halafu ikaja chini. Puu! Magunia yakapasuka, vumbi la njano likapanda, na chini ya vumbi sauti ya mwanamke ikaanza kulia.

Mama Sifuni alikuwa hai. Bega lake lilikuwa limekaa mahali ambapo bega halikai. Watu wakambeba kwa mlango wa kibanda, na alipopitishwa mbele ya Nakiete alifumbua macho, akasema, "Usilie, rubani. Ni upepo tu."

Makande yalikuwa yamemwagika yote, na Nakiete hakujua yamemwagika saa ngapi.

* * *

Hakwenda zahanati. Miguu ilimpeleka shuleni.

Ilikuwa likizo, lakini Mwalimu Kajiru hakuwa mtu wa likizo. Alimkuta kwenye chumba cha kompyuta, amefungua mashine moja, anaitoa buibui.

"Nimesikia mshindo," mwalimu alisema. "Kuna mtu kaumia?"

"Mama Sifuni. Mwalimu, ilikuwa ni mimi."

"Nakiete. Upepo—"

"Ilibisha hodi." Akaonyesha kwa vidole gumba: tiki-tiki. "Halafu ikalalia upande ulioanguka. Nimeona kwa macho yangu."

Mwalimu akaweka chini brashi ya buibui.

Tuseme ukweli kuhusu kile chumba. Kompyuta zake zilikuwa za msaada, kongwe, na Kipanga hakuandikwa kwa ajili ya kompyuta kongwe. Kipanga anakaa kwenye mfumo unaoitwa Zuri, unaotaka mashine mpya na malipo ya kila mwezi. Shule haikuwa na mashine mpya wala malipo. Kwa hiyo Mwalimu Kajiru alizipa mashine zile mfumo wa bure, Huria. Halafu yeye na Nakiete, jioni baada ya jioni, wakaandika mkalimani: programu ndogo inayokaa katikati, Kipanga akisema Kizuri, mashine inasikia Kihuria. Siku Kipanga alipofunguka kwa mara ya kwanza walirukaruka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Mkalimani alikuwa na kasoro moja. Ukisukuma kijiti kulia, ndege ya kwenye kioo ililalia kushoto. Walitafuta kosa, hawakuliona. Nakiete akafanya ambacho kila mtoto anayerusha ndege za mfano hufanya bila hata kufikiri: ndege ikienda kinyume, geuza swichi nyuma ya rimoti. Akaishusha. Kulia ikawa kulia. Wakaendelea na mchezo. Nani angesumbuka tena? Wanaorusha wanaigeuza swichi ile kama wewe unavyogeuza ndala uliyoivaa mguu usio wake.

Na kituo kilipouliza mkono huu umenaswa kwenye mfumo gani, Mwalimu Kajiru alimwambia Nakiete, "Sema Zuri. Ukisema Huria hawatakuangalia hata usoni." Akasema Zuri.

"Ngoja," mwalimu alisema sasa. "Tusihukumu kabla ya kesi. Laptop yangu ina Zuri. Lete mkono wako."

Wakaweka. Mwalimu akachagua mlima, akachagua upepo wa mchana, akauambia mkono wa Nakiete urushe wenyewe. Wakasogea karibu na kioo, mabega yanagusana.

Ndege ikapaa vizuri. Hesabu zilikuwa zinafanya kazi. Upepo ukaja, bawa la kulia likaanguka, hesabu zikakwama, mkono ukaitwa.

Tiki-tiki.

Kulia. Kulia zaidi. Chali. Chini.

Mwalimu akabadilisha upepo. Tiki-tiki. Chali. Chini. Akabadilisha mlima. Tiki-tiki. Mara ya nne Nakiete akageuza uso ukutani.

"Kumbe kilichonaswa ni kile kinachotoka kwenye rimoti," mwalimu alisema polepole, kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. "Baada ya swichi. Rimoti inageuza, mkalimani anageuza tena, ndege inanyooka. Kwenye ndege ya kweli mkalimani hayupo. Imebaki kugeuza mara moja."

"Mkono umejifunza kinyume," Nakiete alisema. "Mwaka mzima nilikuwa naufundisha kuanguka."

Alitaka kulia, lakini kilio hakikutoka. Kuna mshtuko unaokausha hata machozi. Alitazama mikono yake miwili iliyotulia juu ya meza, akaona kama si yake, kama kuna mtu ameisahau pale.

"Ziko ngapi angani saa hizi?" aliuliza.

Milima yote, kila zahanati, kila ndege. Kwa kawaida asubuhi hakuna hatari, maana hesabu hutosha na mkono hauitwi; leo tu upepo uliwahi. Mchana ndipo upepo wa nyika hupanda. Nje ya dirisha mikaratusi ilikuwa imeshaanza kuinama.

Mwalimu akapiga simu kituoni. Sauti ya mashine ikamwambia wahudumu wote wanaongea na watu wengine kuhusu ajali ya leo, asubiri. Muziki ukaanza.

"Naweza kuuondoa," Nakiete alisema. "Mwenye mkono ana haki ya kuuondoa. Walituambia siku walipouchukua. Naandika ujumbe tu, na ndege zote zinageuka zinarudi nyumbani, hapo hapo."

"Najua walichosema."

"Basi nauondoa."

"Uondoe," mwalimu alisema. Akajifuta uso kwa kiganja. "Swichi ulishusha wewe, lakini uongo nilikufundisha mimi. Wakija kuuliza, utaniachia mimi niongee. Haya, andika."

Akatoa simu. Kabla hajagusa herufi, simu ikalia mkononi mwake.

Ilikuwa ni shemeji Mgonja, mume wa dada Mkunde. Nakiete akaweka sauti juu bila kujua kwa nini.

"Shem! Mtoto wa kike!" Sauti yake ilikuwa inacheka na kutetemeka pamoja. "Mtoto mzima kabisa. Lakini shem, dada yako damu haikatiki. Nesi anakanda, anachoma sindano, haikatiki. Wameagiza damu. Ndege imeshatoka, wanasema haitachelewa. Subiri, mama anataka kuongea."

Sauti ya mama ikaja, ndogo, ya mtu anayejizuia. "Nakiete?"

"Abee, mama."

"Unasikia alivyosema shemeji yako?"

"Nimesikia."

"Basi ilete hiyo ndege vizuri, mwanangu. Mimi sina wasiwasi. Nimewaambia wote hapa, inayokuja ni mikono ya mdogo wake mwenyewe, itakosaje kufika?"

Nakiete akaishika simu kwa mikono miwili.

"Rubani wangu," mama alisema, na simu ikakatika.

Muziki wa kituo uliendelea kuimba kwenye simu ya mwalimu.

* * *

"Subiri," alisema Mwalimu Kajiru.

"Mwalimu."

"Subiri itue hii moja tu. Moja. Ikitua, unatuma. Sisemi tunyamaze kabisa. Nasema tuchelewe kidogo."

"Na zingine?"

"Huenda upepo usiziguse."

"Asubuhi uligusa."

"Huenda!" Mwalimu alipiga meza, halafu akashtukia sauti yake. Akaishusha. "Nakiete, nisikilize. Kwa gari kutoka bondeni, na ile barabara ilivyolika, ni jioni. Mtu anayevuja damu hana jioni. Ni dada yako huyo. Hakuna mtu atakayekulaumu."

"Hakuna atakayejua."

"Sikusema hivyo."

"Lakini ndivyo ilivyo."

Akasimama, akaenda dirishani. Alijaribu kufikiri kama mtu mwenye akili. Kwa upande mmoja dada Mkunde, aliyemfundisha kusuka, aliyemnunulia rimoti ile kwa mshahara wake wa kwanza na kumwambia, "Mimi nimeshindwa kupanda hata ngazi, wewe nenda juu kwa niaba yangu." Kwa upande mwingine watu asiowajua. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa: hawakuwa na sura. Alijitahidi kuwapa sura, na kila sura ikawa ya Mama Sifuni. Chini ya ndege moja, mama anayechambua mchele. Chini ya nyingine, watoto wanaotoka kisimani. Wote wanatazama juu, wanatabasamu, wanasema, hiyo hapo ndege ya Nakiete.

Na hata hiyo moja ya dada yake, nani alimhakikishia itafika? Ilikuwa inakuja na mkono ule ule, ndani ya upepo ule ule. Lakini huenda. Huenda! Neno lenyewe dogo, na limebeba dada mzima.

Akaona kitu juu ya mgongo wa mlima, mbali sana, upande wa kwa Wasambaa. Doa jeupe. Ndege ya dawa, ya kijiji fulani, inakwenda kwa mtu fulani. Likapigwa na upepo, likayumba.

Likatikisa mabawa. Tiki-tiki.

"Hapana, hapana, hapana," Nakiete alisema. Doa likalala ubavu, na mwamba ukalificha. Hakuona lilipoishia. Alisubiri litokee upande wa pili. Halikutokea.

Simu ilikuwa mkononi. Vidole gumba vikaandika vyenyewe, upesi, kama vinavyorusha: NAONDOA MKONO WANGU. NI MIMI NAKIETE. UMEJIFUNZA KINYUME. Kabla ya kutuma, vikagonga ukingo wa simu mara mbili. Hodi.

Akatuma.

Mwalimu Kajiru aliona, akafumba macho, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, kidogo kuliko mwili wake.

Kwa kitambo hakukuwa na lolote. Halafu mvumo ukasikika, karibu, juu ya paa la shule. Nakiete akatoka mbio uwanjani. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea zahanati, chini kiasi kwamba aliona alama nyekundu ya damu tumboni mwake. Ilikuwa imenyooka kama rula. Upepo ulikuwa umepumua, kama unavyopumua wakati mwingine, na miti yote ilikuwa imesimama wima. Ilibakia kuvuka bustani ya migomba tu na kushuka.

Ilikuwa imefika.

Ikageuka. Iligeuka kwa upole, kwa hesabu, bila kuita mkono wowote, ikapita tena juu ya kichwa chake na kurudi bondeni na damu yake. Nakiete alinyanyua rimoti iliyokuwa shingoni, akasukuma vijiti huku na huku, kushoto, kulia, nyuma. Vilikuwa visafi. Havikukwaruza hata kidogo.

"Rudi!" aliita. "Rudi, nakuomba!"

Ndege ikawa doa, doa likawa mwanga wa jua.

Simu ya mwalimu ikawa inaongea ndani. Wahudumu wa kituo walikuwa wamepatikana sasa, wengi kwa mkupuo. Alimsikia akijibu: ndiyo, Huria, siyo Zuri. Ndiyo, nilidanganya mimi. Alimsikia akisema gari, gari, tumeni gari, tafadhali, mtu wa kwanza awe yule mzazi. Kisha akatoka, akasimama nyuma ya Nakiete bila kumgusa.

"Gari limetoka," alisema. "Dereva anaijua njia." Halafu akaongeza, "Ile ndege ya mbali imeanguka porini. Haikumpiga mtu."

Haikumpiga mtu. Nakiete aliyapindua maneno hayo akitafuta upande wa kuyashika, asiuone.

Akamwandikia mama, akafuta. Mama angesoma kwa sauti. Akamwandikia dada Mkunde mwenyewe, kwenye simu yake yenye kava la maua, ambayo kila siku huiweka chini ya mto hata awe mahali gani.

"Dada, ndege nimeirudisha mimi. Damu inakuja kwa gari. Nimesikia ni wa kike. Nisubiri nije nimwone. Nijibu hata nukta."

Alama moja ikatokea. Ikawa mbili: umefika.

Akakaa chini kwenye nyasi za uwanja, simu katikati ya viganja, kama mtu aliyeshika kifaranga. Upepo wa nyika ukaanza upya, mikaratusi ikainama yote pamoja. Angani hakukuwa na ndege hata moja, upande wowote, na kimya cha namna ile kilikuwa hakijasikika milimani tangu yeye azaliwe. Kioo cha simu kikafifia. Akakigusa kwa kidole gumba kisizime. Kikafifia tena, akakigusa tena, mara mbili, tiki-tiki, na chini ya ujumbe wake palikuwa peupe vile vile.